Kutu na Historia: Usomaji wa Sarafu za Kale za Afrika Mashariki

Sarafu ya kale itokapo ardhini mara nyingi haisomeki. Shaba huvaa kutu ya kijani, fedha hugeuka nyeusi. Hata hivyo, kinachompa mwanahistoria faida si mng'aro wa sarafu, bali ni maandishi yake pamoja na mahali ilipopatikana. Makala haya yanalidhihirisha jambo hilo kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza unahusu sarafu za Kirumi. Mwaka 1912 Kapteni C. W. Haywood alipata huko Bur Gao, katika pwani ya Somalia, sarafu za Misri ya kina Ptolemaio, za Roma na za Bizantini. Lakini miongoni mwake zilikuwamo pia za Wamamluki na za Waosmani, watu wa zama za baadaye sana. Zilitangazwa baada ya miaka mingi, na chombo kilichozihifadhi hakikubaki. Kwa hiyo, ingawa sarafu zenyewe zinatambulika, wataalamu wengi hawazikubali kuwa ushahidi wa biashara ya Warumi pwani hapo.

Mfano wa pili ni Kilwa. Sarafu zake za shaba, ambazo John Walker alizichambua mwaka 1936, ni ndogo na hazina tarehe. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, yenye kina kimoja na jina hilo. Basi, kutu ikila jina, kina cha upande wa pili humsaidia msomaji kulikisia.

Mfano wa tatu ni Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 zilifukuliwa huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Neville Chittick alikuwa amemweka sultani wa jina hilo mwishoni mwa karne ya 12. Dinari zile, zenye tarehe, ziliwafanya Mark Horton na wenzake wamrudishe hadi karne ya 11. Lau dinari zingeuzwa peke yake, fedha zile zingebaki bila umri.

Hapana budi, basi, kuishika sarafu kwa kingo zake, kuipima uzito na kipenyo, na kuisoma kwa mwanga wa ubavuni, unaoonyesha hata herufi zilizofifia. Isisuguliwe kwa majivu, mchanga wala ndimu, kwani pamoja na kutu huondoka herufi. Unga wa kijani kibichi ukizuka juu ya shaba ni dalili kwamba chumvi ingali inaila. Iwekwe pakavu, mbali na nyingine, na apelekewe mtaalamu. Kila moja iwe na karatasi yake yenye jina la mahali na tarehe ya kupatikana.

Kanuni hizo zinazihusu pia Butembo na Beni. Sarafu za shaba zenye tundu katikati, zilizoanza kutolewa na Dola Huru ya Kongo mwaka 1887, nazo huliwa na kutu. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya namna hiyo: *dinari* ilitoka Kilatini ikapitia Kiarabu, na *fedha* ilikuwa madini kabla ya kuwa malipo. Neno huweza kuchunguzwa mara nyingi bila kuchakaa. Sarafu iliyokwisha kusuguliwa haina nafasi ya pili.