Kiolezo cha Kudarizi

Kasula anayovaa padre siku ya sikukuu huko Mpanda, au Karema kando ya Ziwa Tanganyika walikoingia Mapadri Weupe mwaka 1885, mara nyingi hudariziwa msalaba, zabibu au masuke ya ngano. Kabla ya uzi hutangulia mchoro, nao ndio unaotafutiwa jina. Wengi husema "mchoro wa awali" au "rasimu". La kwanza lataja wakati bila kutaja kazi. La pili ni baya zaidi: rasimu ya barua hutupwa barua ikishaandikwa, ilhali mchoro wa mdarizi hutawala hadi mshono wa mwisho.

Mafundi wa Renesansi wanatusaidia. Antonio del Pollaiuolo alichora maisha ya Yohane Mbatizaji kwa ajili ya mavazi ya ibada ya jengo la ubatizo la Florence, yaliyoagizwa mwaka 1466. Sindano walishika wengine. Raffaellino del Garbo naye aliwachorea wadarizi, na baadhi ya michoro yake ingali na vitundu. Karatasi ilitobolewa ikifuata mistari, ikalazwa juu ya kitambaa, kisha ikagongwagongwa kwa kifuko cha vumbi la makaa. Ikiinuliwa, vitone vyeusi vimebaki kitambaani, na mstari umehama. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kuoleza, yaani kufanya kitu kifuate mfano wa kingine. Chombo chake ni kiolezo.

Kuna watakaopendelea "kigezo". Lilikuwa neno zuri, lakini leo limehamia kwenye vigezo vya ajira na vya mikopo, na kulirudisha ni shida. Wengine watasema kiolezo kimeshachukuliwa na kompyuta. Sioni ugomvi, maana huko pia ni umbo linalongoja kujazwa. Pingamizi zito ni kwamba neno hili lamshusha Pollaiuolo awe mtengeneza kalibu. Hapo nakubali nusu. Ila mama anayedarizi kitambaa cha meza kwa kunakili ua kwa karatasi ya kaboni anajua kuwa ua lile lile, mikononi mwa watu wawili, hutoa vitambaa viwili tofauti: kiolezo huongoza mstari tu, wala hakichagui rangi wala kukaza uzi. Watunga kamusi na waandika maelezo ya makumbusho, basi, waandike "kiolezo cha kudarizi", na "rasimu" waiachie barua.