Kariakoo: Jina la Wachukuzi, Soko la Maharusi



Harusi zetu nyingi huku visiwani huanza kwa safari ya baharini. Siku ikishawekwa, mama, shangazi na somo hukaa chini wakaandika: mashuka, mapazia, vyombo, vitambaa vya kushona, mabuibui, kanga za kugawa. Kisha hukatwa tiketi za boti, na baada ya takriban saa mbili tunateremka Dar es Salaam, pochi zimebanwa kwapani. "Moja kwa moja Kariakoo," tunamwambia dereva. Jina hilo tunalitaja kila msimu wa harusi, na wachache kati yetu tumewahi kuuliza limetoka wapi. Leo tunakuomba, bi harusi mtarajiwa, uifanye safari hiyo taratibu, utazame unapopita.

Ukitoka bandarini tu umeshakutana na kwenu. Kabla ya mji huu palikuwa na kijiji cha Mzizima. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyeanza kujenga hapa katikati ya miaka ya 1860 akauita Dar es Salaam. Boma la Kale, lililo karibu na bandari katika Barabara ya Sokoine, ni la zama zake: kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za nyumba za Mji Mkongwe. Mawe hayo hayakujipanga yenyewe. Waliofanya kazi walikuwamo mafundi wa kulipwa, na walikuwamo watumwa. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuuendeleza mji. Ulilala mpaka Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanisa la Mtakatifu Yosefu unaloliona mbele ya bandari ni la enzi hiyo ya Wajerumani.

Panda kidogo mpaka Barabara ya Samora. Katikati ya mzunguko amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, akielekeza singe bandarini. Sanamu hii iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliokuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watalii wanaoshuka kwenye meli hupiga picha hapa wakaendelea. Wewe sogea usome. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja askari na yanawataja pia wapagazi. Lakini aliyechongwa ni askari peke yake. Nairobi na Mombasa mpagazi alipewa mahali pake kwenye sanamu. Dar es Salaam hayumo.

Lakini mpagazi huyo alibaki mjini kwa njia nyingine. Pita maduka ya Uhindini, walipo masonara, uvuke Mnazi Mmoja, uwanja ambao Waingereza waliuacha wazi kuutenga mji wa Wazungu na Wahindi na ule wa Waafrika. Ng'ambo yake ndiyo Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa vita, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mji walilitamka neno hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako ipo Kariokor, na asili ya jina ni hiyo hiyo.

Kwa nini vita vilihitaji watu wa kubeba? Barabara na reli zilikuwa chache, na bara kulikuwa na mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa huko walikufa kwa wingi kwa maradhi ya ndorobo. Mzigo ukabaki kichwani mwa binadamu: risasi, chakula, mahema, na majeruhi wenyewe. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kutoka bara na hata kutoka huku kwetu visiwani. Makumi ya maelfu walikufa, na zaidi ya risasi kilichowaua ni kuharisha, malaria, baridi na njaa. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Na familia nyingi za waliokufa hazikuupata ujira uliokuwa umebaki.

Wengine walioijaza Kariakoo nao walikuwa na historia ya mizigo. Msikiti wa Manyema una jina la Wamanyema, watu wenye asili ya Kongo ya mashariki, ambao wengi wao waliletwa pwani na misafara ya pembe za ndovu, wengine wapagazi, wengine watumwa. Walifika wamechoka, wakajenga mahali pa kusujudu.

Vita vilipokwisha, mtaa ukawa makazi ya Waafrika wa mjini, na soko likakua ndani yake. Jengo kubwa la soko tunalolijua, lenye mapaa kama miavuli mikubwa ya zege, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 liliungua moto, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali ya miaka. Hata hivyo mitaa ya pembeni haikulala. Mtaa wa Kongo umejaa nguo, na Barabara ya Uhuru, iliyokuwa ikiitwa Kichwele, ndiko maduka ya jumla ya kanga na vitenge. Huko utapata kisutu, ile kanga ya harusi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi zetu hawakukubali bi harusi aikose.

Ukishamaliza kununua, nani atakubebea? Yule kijana wa mkokoteni. Huku kwetu tunamwita hamali. Anasimama juani mahali palipoitwa kwa jina la kazi yake, na mara nyingi ndiye tunayemaliza naye ubishi mkubwa kuliko wote. Dukani tumelipa kitambaa cha thamani bila ya kusita. Kwa hamali tunavutana kwa shilingi ambazo hazitoshi soda ya wageni. Wahenga walishasema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha tumlipe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunaomba mafundisho hayo yaingie katika orodha ya harusi, juu kabisa, kabla ya mapazia. Patana naye bei kabla hajanyanyua, kwa uwazi. Usimpatanishe mabegi matatu ukampa matano. Akifika getini mlipe hapo hapo, usimwache akikusubiri huku unatafuta chenji kwa nusu saa. Kwenye bajeti weka fungu la wabebaji kama unavyoweka la mpambaji na mpishi. Na kama pesa haifiki, punguza mizigo. Mashuka mawili machache hayajawahi kuvunja ndoa, na deni la mapazia limewahi kuwanyima usingizi wengi.

Kuna wanaume waliobeba na hawakulipwa, na hatuwezi tena kuwalipa. Tunaweza kuwaombea rehema kila boti inapotia nanga. Aliye mbele yetu leo bado yuhai, na haki yake iko mkononi mwetu.

Allah awatilie baraka maharusi wetu wote, na awajaalie nyumba zenye vitu vya halali na dua za waliovibeba. Amin.