Herufi Zilizokosa Kitufe

Kijitabu cha mazishi hakina toleo la pili. Familia huleta picha na wasifu leo, ibada ni keshokutwa, na kilichochapishwa ndicho kitakachokaa kabatini miaka yote. Rangi ikififia kidogo watavumilia. Lakini marehemu Wanjikũ akiandikwa Wanjiku, yuko shangazi atakayeliona kosa hilo kabla hajaketi. Mimi hupanga kurasa upande wa River Road, Nairobi, na kwa mtu anayeshinda na majina ya watu wa Mlima Kenya, nusu ya ufundi ni kuilazimisha mashine itoe herufi ambayo waliounda mashine hawakuiwekea kitufe.

Gĩkũyũ ina irabu saba. Herufi za Kilatini zilizoletwa na wamisionari zina irabu tano. Mbili zilizobaki zikavishwa kiwimbi kichwani, zikawa ĩ na ũ, na Wakamba, Waembu na Wameru wanazo pia. Kiswahili kiliponea hapo. Irabu zake ni tano tu, na sauti zisizokuwa na herufi ziliundiwa jozi: dh, gh, ny, sh. Hata ng' haidai zaidi ya kituo kidogo cha juu. Kwa hiyo Kiswahili hupita kwenye kibodi yoyote, iwe imetengenezewa London au Texas, bila kuomba ruhusa.

Enzi ya herufi za risasi tatizo lilikuwa pesa. Kila herufi ilikuwa kipande cha metali ndani ya kijumba chake kwenye sanduku. Mwenye matbaa aliyetaka ũ alilazimika kuinunua au kuisubu, lakini akishaipata, mkono wa mpangaji uliifikia sawasawa na a. Hakukuwa na mbinu ya kukariri.

Taipureta ndiyo iliyobana mambo. Mashine ya Sholes iliyouzwa na Remington kuanzia 1874 iliandika herufi kubwa peke yake; kitufe cha kubadilisha kubwa na ndogo kikaja 1878. Kila kitufe kilikuwa gharama, basi watengenezaji wakabana matumizi. Nyingi za mashine za zamani hazikuwa na tarakimu 1; ulitumia l ndogo mahali pake. Alama ya mshangao uliipata kwa kupiga nukta, kurudi nyuma hatua moja, kisha kupiga kituo cha juu palepale. Hicho kituo cha juu nacho kilisimama wima kama msumari, kwa sababu kitufe kimoja kilifungua nukuu, kikazifunga, na kikaingia katikati ya ng'. Viwimbi mara nyingi vilitiwa kwa kalamu. Mzee aliyenifunza kazi alihifadhi rasimu za namna hiyo: maneno yamepigwa taipu nyeusi, na juu yake viwimbi vya wino wa buluu, vingine vimekaa sawa, vingine vimeelemea herufi ya jirani.

Kompyuta ilianza na uchoyo uleule. Jedwali la ASCII, kwa sura yake ya 1967, lilikuwa na nafasi 128, na kati yake za kuchapika, nafasi tupu ikiwemo, ni 95: Kiingereza na hesabu, basi. IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981 ilipanua jedwali hadi 256, na kwa kuwa kibodi haikupanuka, ikabuniwa njia ya mkato: shikilia Alt, andika namba ya herufi kwenye vitufe vya tarakimu vya kulia, kisha achia. Windows ikaleta jedwali lake na kutanguliza sifuri mbele ya namba. Apple nayo, kwenye Macintosh ya 1984, ilichagua kitufe cha Option: Option na g upate ©, Option na 8 upate kitone cha orodha. PageMaker ya kampuni ya Aldus ilipotoka mwaka 1985, pamoja na printa ya LaserWriter, kazi ya kupanga kurasa ilihamia mezani, na njia hizo za mkato zikawa alfabeti ya pili ya mafundi.

Kwetu alfabeti hiyo iliishi kwenye karatasi iliyobandikwa gundi pembeni mwa kioo cha kompyuta. 0146 ni kituo cha juu kilichopinda vizuri, kile kinachofaa kwa ng'ombe na Thiong'o. 0147 na 0148 ni nukuu za kufungua na kufunga. 0151 ni mstari mrefu. 0176 ni alama ya nyuzi za joto, 0189 ni nusu. Vidole vilizikariri kuliko kichwa. Ukimuuliza fundi namba ya nukuu za kufunga, alikuwa akiutazama mkono wake ukicheza hewani kabla ya kukujibu.

Lakini kwenye karatasi hiyo hakukuwa na ĩ wala ũ. Nafasi 256 za Windows zilikuwa zimegawiwa lugha za Ulaya Magharibi. Mreno alipata ã na õ, Mhispania akapata ñ, na kiwimbi kikaishia hapo. Namba za kweli za herufi zetu, katika jedwali lililokuja baadaye, ni 297 na 361, na programu nyingi ziliweza kuhesabu hadi 255 tu. Ukiipa programu kama hiyo namba kubwa zaidi, inaondoa 256 na kukupa kilichosalia. Kwa hiyo ukiiomba ĩ kwa 297, unapata namba 41, yaani mabano ya kufunga. Ukiiomba ũ kwa 361, unapata 105, yaani i ya kawaida.

Mafundi wakajitengenezea njia. Ziko programu za kuchora fonti, na kwa programu hizo mtu aliweza kufungua fonti, akaifuta kofia ya û na î za Kifaransa, na kuchora kiwimbi mahali pake. Baada ya hapo 0251 ilitoa ũ, na 0238 ikatoa ĩ. Kwenye karatasi matokeo yalikuwa safi kabisa. Ndani ya faili, hata hivyo, herufi ilibaki ya Kifaransa. Kazi ikifunguliwa kwenye matbaa nyingine isiyo na fonti ile, viwimbi vyote viligeuka kofia, na ukoo mzima wa mtu ukasomeka kama watu wa Paris.

Suluhisho lilikuwa tayari linaiva kwingine, na halikutoka kwetu. Mwaka 1988 jedwali la ISO 8859-4, lililopangwa kwa lugha za kaskazini mwa Ulaya na Greenland, lilikuwa na ĩ na ũ, kwa sababu tahajia ya zamani ya Greenland ilizitumia. Jedwali la Unicode lilipotangazwa mwaka 1991 lilimeza majedwali ya kabla yake, na herufi za Mlima Kenya zikaingia kwa mlango wa Greenland. Hata hivyo tulisubiri. PageMaker ilikufa bila kuijua Unicode. Mpinzani wake QuarkXPress iliipokea katika toleo la 7, mwaka 2006. Iliyotutoa kifungoni ni InDesign, iliyotoka 1999, yenye jopo linaloonyesha kila umbo lililomo ndani ya fonti.

Hapo ndipo 0169 ilipotuchezea. Kwa Alt, 0169 ni ©. Kwenye Unicode, inayohesabu kwa msingi wa kumi na sita, 0169 ni ũ, ileile 361 yetu. Microsoft Word hukubali uandike 0169 kisha ubonyeze Alt na x, na ũ inatokea. Kwenye InDesign tunatumia ujanja mwingine: tunaandika kitabu kizima kwa û, kisha kwenye kisanduku cha kutafuta na kubadilisha tunaagiza kila û iwe 0169 iliyofungwa kwa mabano ya pembe. Kurasa zote zinabadilika mara moja, na safari hii kilichomo ndani ya faili ni ũ halisi.

Mtego mmoja umebaki. Unicode inakubali pia u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea, namba 0303. Kwa jicho hakuna tofauti. Kwa mashine ni vitu viwili, na jina lililoandikwa hivi huenda lisionekane ukilitafuta vile.

Yatazame majalada ya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o: riwaya yake ya kwanza, mwaka 1964, ilitoka kwa jina la James Ngugi. Petals of Blood ya 1977 ilitoka kwa jina la Ngugi wa Thiong'o, viwimbi havipo. Mwaka 1980 Caitaani Mũtharaba-inĩ ilichapishwa Nairobi na viwimbi vyake, wakati njia za mkato nilizozieleza zilikuwa hazijazaliwa. Vilikuwepo kwa sababu kuna mtu alividai na mwingine akavipanga. Leo kompyuta yoyote inavyo, na bado nakutana na mabango ya jina hilo yaliyonyolewa. Kwa hiyo kijana akija kwangu kuomba kazi, namwambia kwanza aandike Ngũgĩ wa Thiong'o, kisha aiagize programu ilitafute jina hilo kwenye ukurasa. Likipatikana, tunaanza kuzungumza mshahara.