Gia Kabla ya Kona: Mzee wa Peugeot 404 na Mteremko wa Mbinga

Kama umewahi kushika gemu la magari ya zamani, hii unaijua. Kona inakuja, dogo kakanyaga mafuta mpaka mwisho. Akishtuka anabana breki katikati ya kona na kushusha gia kwa fujo. Matairi ya nyuma yanajifunga, gari linajigeuza, anabaki anatazama alikotoka. Washkaji kicheko. Anabonyeza kitufe, anaanza upya.

Gemu lililotesa wengi kwa mtindo huo ni Grand Prix Legends la mwaka 1998. Linarudisha msimu wa Formula 1 wa 1967, enzi ambazo magari hayakuwa na mabawa ya kuyakandamiza chini wala kompyuta ya kumsaidia dereva. Gia unabadili mwenyewe, kosa ni la kwako.

Sasa cheki: mwaka huohuo 1967, huku kwetu, Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, alishinda East African Safari Rally kwa mara ya pili mfululizo. Alikuwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Yes, lile gari la familia! Gia nne tu, tena mkono wa gia uko pembeni ya usukani.

Mashindano hayo yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakuna uwanja hapo. Ni barabara zilezile za mabasi na ng'ombe, vumbi leo, tope kesho. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Viwanda vya Ulaya vilileta pesa na mastaa wao, lakini wenyeji waliwakalisha mpaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda.

Kwenye barabara kama zile, kazi ya kona inaisha kabla ya kona. Unafunga breki gari likiwa limenyooka. Unashusha gia hapohapo, moja baada ya nyingine. Unaingia ukiwa tayari kwenye gia utakayotokea nayo, mikono yote miwili kwenye usukani. Gia ikiwa kubwa mno, injini hailishiki gari, na ukitoka halivuti. Ikiwa ndogo mno, injini inapiga kelele na matairi ya nyuma yanateleza. Anayeingia taratibu anatoka na kasi. Anayeingia na sifa anatokea porini.

Mtu wa Lundo, kule mwambao wa Ziwa Nyasa, hahitaji gemu kuelewa hili. Mbinga iko kwenye milima ya Wamatengo, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Kati ya hapo ni kushuka, kona juu ya kona. Siku hizi kuna lami Mbinga mpaka Mbamba Bay. Zamani ilikuwa udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu.

Madereva wa malori walioshuka njia zile hawakupewa kombe wala majina yao hayakuandikwa popote. Lakini sheria yao ni ileile ya Safari: gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Injini inalishika gari, breki inapumzika. Anayetoa gia ili aokoe mafuta anaibebesha breki kazi yote. Inapata moto, inaanza kunuka, halafu inagoma. Na nyuma kuna watu.

Lami imeondoa tope, mteremko uko palepale. Tena lami inadanganya, maana gari linakimbia kimyakimya bila dereva kushtuka.

Dogo wa gemu akikosea anabonyeza kitufe. Shankland hakuwa nacho. Dereva wa Hiace aliyejaza abiria leo jioni naye hana.

Haya mdau, umepanda gari, mlima mkali, dereva katoa gia anateremka tu. Unamwambia au unakausha? Tupia komenti hapo chini.