Waya wa kusomea hitilafu za injini

Waya wa kusomea hitilafu ni kipande cha waya, au nyaya mbili zenye swichi, kinachounganisha matundu mawili ya boksi la uchunguzi la gari ili kompyuta ya injini itoe namba za hitilafu kupitia taa ya cheki injini. Umezoeleka hasa kwenye Toyota za EFI (mafuta hupulizwa kwa kuongozwa na kompyuta) za miaka ya 1980 na 1990.

Jinsi unavyofanya kazi

Chini ya boneti ya Toyota hizo kuna boksi dogo lenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kwa ndani, kifuniko hicho kina ramani ya matundu. Yanayotakiwa ni TE1 na E1, hilo la pili likiwa ardhi. Funguo huwekwa ON bila kuwasha injini, gia ikiwa huru na mguu ukiwa mbali na pedali ya mafuta. Matundu yakiunganishwa, taa huanza kusema.

Ikipepesa mfululizo bila kituo, kompyuta haina shtaka. Hitilafu huja kwa tarakimu mbili. Kwa 22, taa hupepesa mara mbili, hutulia sekunde 1.5, kisha hupepesa mara mbili tena. Kati ya namba na namba kuna kimya cha sekunde 2.5, na orodha ikiisha huanza upya baada ya sekunde 4.5. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 24 joto la hewa inayoingia, 41 sensa ya throtoli, 52 sensa ya kugonga kwa injini. Namba hutaja saketi tu: waya uliotafunwa na panya hutoa 22 ile ile, na fundi anayeagiza sensa kabla ya kukagua plagi yake humtia mwenye gari hasara.

Kufuta namba, fyuzi ya EFI hutolewa kwa sekunde 10 au zaidi. Penye baridi muda hurefushwa, na asubuhi za Butembo, mashariki mwa Kongo, si za kuharakisha.

Utengenezaji

Nyaya mbili nyembamba hutiwa pini za shaba, hupitishwa kwenye mpira wa ukuta wa injini mbali na egzosi, na kuishia kwenye swichi chini ya dashibodi. Swichi bora ni ya kubonyeza inayojirudi yenyewe. TE1 na E1 zikibaki zimeungana safarini, kompyuta hushikilia taiming ya msingi, ambayo kwa injini nyingi ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kileleni, na gari huishiwa nguvu mlimani.

Vuhovi na Butembo

Magari ya mtumba kutoka Japani huingia eneo hili kupitia Mombasa, Uganda na mpaka wa Kasindi. Vijiji vya Vuhovi, katika sheferi ya Bashu, teritori ya Beni, hutegemea miji ya Butembo na Beni kwa vipuri. Maneno ya ufundi hapa hutoka Kifaransa (kontakti, bujii), ilhali maandishi ya gari ni ya Kiingereza au Kijapani. Taa huhitaji mtu anayejua kuhesabu tu.

Matumizi ya sasa

Visomaji vya Bluetooth vimechukua nafasi kubwa. Toyota nyingi zenye plagi ya matundu 16 bado hujibu kwa kuunganisha tundu la 13 na la 4. Tundu la 16 lisiguswe: lina umeme wa batri hata funguo ikiwa imetolewa.