Somo la Machimbo ya Bamburi: Udongo Kwanza, Miti Baadaye

Katika hafla zetu za upandaji miti, mgeni rasmi hutajiwa idadi ya miche. Hali ya udongo haitajwi. Historia ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, inaonyesha gharama ya mazoea hayo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kuyafufua machimbo hayo, alikuta jangwa la mawe: hapakuwa na mboji, jua lilichoma, na maji ya chumvichumvi yalikuwa karibu na uso wa ardhi.

Haller alianza kwa kuiuliza ardhi yenyewe. Alijaribisha aina 26 za miti. Zilizosalia ni tatu tu, mojawapo mvinje. Mvinje hustahimili chumvi, na vinundu vya mizizi yake hufuga bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo, miti ilistawi kabla udongo haujapatikana. Majani ya mvinje, yenye tanini nyingi, yalirundikana bila kuoza. Waliotatua tatizo ni jongoo: walipoletwa, waliyatafuna, bakteria wakamalizia kazi kwenye kinyesi chao, na mboji ikaanza kujengeka. Ndipo mimea mingine ikafuata, na leo pale pana Haller Park.

Wengi huitaja Bamburi kuthibitisha kwamba ardhi iliyochimbwa hufufuka tu. Mimi naisoma vingine. Ufufuo huo ulidai miaka mingi, mtaalamu mvumilivu na kampuni iliyobaki mahali pale. Tena chokaa si sumu. Mabaki ya migodi ya dhahabu yanaweza kutoa tindikali na metali nzito, na hapo mvinje na jongoo hawatoshi.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya ulinzi wa mazingira. Basi, ndugu mtumishi wa umma, kabla hujaidhinisha dhamana irejeshwe, usihesabu miche. Uliza kina cha udongo, uchachu wake, chumvi yake na jinsi unavyopitisha maji. Na kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, uliza udongo wa juu utahifadhiwa wapi. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.