Kipande Kina Thamani Gani? Kutoka Sataranji Kubwa hadi Giuthi

Leo tuziache simu na seva kidogo, tuzungumze historia. Hapa Nyeri, na pia Karatina na Nanyuki, ni jambo la kawaida kukuta watu wamezunguka ubao wa drafti, wakicheza kwa vifuniko vya soda. Kete za drafti zote huanza sawa. Katika sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, kila kipande kina bei yake: kitunda 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Kila anayejifunza hupewa namba hizo. Swali langu ni hili: ubao ukipanuliwa, je, bei zinabaki zile zile?

Ubao unapokua

Wazo la kupanua ubao ni la zamani. Mwaka 1617 Pietro Carrera wa Sicily alichapisha kitabu chenye sataranji ya miraba 80, yaani 8 kwa 10, na vipande viwili vipya. Katika miaka ya 1920, José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alilirudia wazo hilo. Aliogopa kwamba mabingwa wangeumaliza mchezo wa kawaida na kubaki wakitoka sare tu. Akaongeza chansela (anayekwenda kama ngome na kama farasi) na askofu mkuu (askofu na farasi kwa pamoja).

Sasa tupige hesabu. Kwenye ubao mtupu wa 8 kwa 8, ngome ana miraba 14 ya kwenda, askofu wastani wa 8.75, farasi 5.25. Panua ubao uwe 10 kwa 10: ngome anapata 18, askofu 11.4, lakini farasi anafika 5.76 tu. Wale wawili wameongezeka kwa karibu asilimia 30, farasi kwa asilimia 10 hivi. Farasi hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni shamba analokimbilia.

Mpangilio nao una neno

Capablanca aliwapanga hivi kutoka kushoto kwa mweupe: ngome, farasi, askofu mkuu, askofu, malkia, mfalme, askofu, chansela, farasi, ngome. Chora kwenye karatasi uone. Kitunda kilicho mbele ya farasi wa kulia hakilindwi na yeyote. Mweupe akisogeza tu kitunda kilicho mbele ya askofu wake wa kushoto, askofu mkuu anapata njia ya mshazari hadi kwenye kitunda cha namna hiyo hiyo upande wa mweusi. Hatua moja tu, na tayari kuna tishio! Wabunifu waliofuata walihangaika sana na mpangilio kwa sababu ya mambo kama haya.

Kuhusu bei, ubishi ulikuwa mrefu. Mholanzi H.G. Muller, mtunzi wa programu ya Fairy-Max, akaamua kuiachia kompyuta. Mpe mmoja chansela, mwenzake askofu mkuu, programu icheze dhidi yake yenyewe mamia ya mechi, kisha hesabu ushindi. Alipata malkia 950, chansela 900, askofu mkuu 875. Wengi walikuwa wamempa askofu mkuu bei ya chini sana, kwa kujumlisha tu bei ya askofu na ya farasi. Kumbe vipande viwili vikiungana, jumla si ile ya kwenye karatasi.

Turudi nyumbani

Huko pwani kuna bao: mashimo 32, kete 64, na kete zote ni sawa. Basi bei iko wapi? Iko kwenye mahali. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 mkononi. Katika bao la kujifunza, kila shimo lina kete 2 tangu mwanzo. Ubao ule ule, kete zile zile, lakini mchezo unakuwa mwingine. Ndiyo maana programu inayohesabu kete peke yake haioni uzito wa nyumba. Jeroen Donkers wa Maastricht, katika tasnifu yake ya 2003, aliupima mchezo huu kwa kanuni kadhaa: moja ya kuhesabu kete, nyingine zilizofunzwa na mashine.

Na sisi wa mlimani tuna giuthi ya Wagikuyu, yenye safu mbili, ambayo idadi ya mashimo hutofautiana. Kwa yale tuliyoyaona, kila tofauti hiyo ni mchezo wenye bei zake. Hapa ndipo ninapowaomba wanaprogramu wenzangu wa Nyeri, Othaya na Kerugoya tuwe waangalifu. Ukiandika programu ya giuthi yenye mpangilio mmoja, watoto watakaoicheza kwenye simu wataamini kwamba giuthi ni hiyo tu, na mingine itazikwa na wazee. Kwa hiyo idadi ya mashimo na ya kete iwe kigezo kinachobadilishwa, si namba iliyogandishwa ndani ya kodi. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kaa na guka au cucu, uliza kwao walipanga vipi, uandike na jina la kijiji.

Je, kwenu giuthi ilikuwa na mashimo mangapi kila safu? Niandikieni, nayasubiri maoni yenu.